Kidole cha Pili

Ghorofa ya tatu, nyuma ya barabara ya Narborough, Leicester,
ndipo ninapokatia. Jora la poliesta hulala mezani
nami napita na mkasi:
mgongo, kifua, mkono, mkono, kola.
Kabla ya mkasi si gauni, ni urefu tu.
Hilo nililijua tangu Pangani. Nisilolijua
ni kwamba damuni mwangu yumo fundi mwingine.

Daktari Bhavsar alichora nyuma ya bahasha
mstari mrefu, ukaenda hadi kwenye stempu.
"Kirusi kipya hutoka kwenye seli hivi, kitambaa kizima.
Kina mkasi wake, kimeng'enya kidogo.
Kikikata, vipande hujipanga, kikapevuka,
kikaenda kutafuta seli nyingine. Kisipokata..."
Akaangalia sugu ya kidole changu gumba.
"Kisipokata," nikasema, "ni jora tu."
"Ni jora tu, Mwantumu."

Kidonge chekundu, rangi ya ini la mbuzi,
hukaa kinywani mwa mkasi huo.
Hakiuvunji. Kinanasa tu, kama uzi kwenye bawaba,
vile vyuma viwili visikutane.

Dawa za kwanza zilinishinda. Hapana, niseme kweli:
mwaka ule wa zamu za usiku nilimeza leo, nikaruka kesho,
na virusi vikajifunza njia
kwenye mlango niliouacha wazi.

Tatizo la hiki chekundu ni ini.
Ini langu lina bidii kuliko mimi,
mfagiaji asiyengoja wageni waage.
Dawa ikiingia jioni, kabla hakujakucha
limeshaizoa.
Ndiyo maana ya kile cheupe, miligramu mia tu.
Siku hizi hakipigani. (Zamani kilipigana:
muuguzi Philippa anawakumbuka waliokimeza konzi kwa konzi
wakatapika hadi sikukuu.)
Leo kazi yake ni moja, kuushika ufagio.

Kikulacho ki nguoni mwako, bibi alikuwa akisema
huku akipekua pindo la shuka,
na kidole kimoja hakivunji chawa.
Akanionyesha: ukucha juu ya ukucha. Tak.
Saa kumi na mbili na nusu jioni, wali na dengu,
maana dawa hii haitaki tumbo tupu,
chekundu, cheupe, na kile cha buluu cha kuwasindikiza.
Tak.

Halafu, mwezi wa tatu, uso wangu ukajaa.
Hansa wa cherehani ya pili akafurahi:
"Umenawiri! Baridi imekukubali!"
Kioo cha chooni kilikataa.
Mfamasia akamwaga mkoba wangu wote mezani:
sindano, pipi za tangawizi, risiti za basi,
na pampu ya pumu ya rangi ya chungwa
niliyopewa kwa ajili ya ukungu wa ukuta wangu.
Akaishika kama mtu aliyeokota kisu cha mtoto.
Anayeshika ufagio hachagui taka.
Ile steroidi, pumzi mbili asubuhi, pumzi mbili usiku,
ambayo ini lingeifagia kabla ya chai,
ilibaki, ikalundikana, ikanijengea mwezi usoni.
Wakanibadilishia pampu. Uso ukashuka polepole
kama donge lililokosa hamira.
Sasa hata nikipewa majani ya chai nauliza:
haya nayo yanapita mlango gani?

Barua ya Novemba ilisema virusi havionekani,
na kwamba kisichoonekana kwenye kipimo
hakimfuati mtu kitandani.
Sikulia. Tulikuwa na oda, magauni mia mbili na arobaini,
na zipu zilikuwa zimekuja fupi.

Hansa hajui. Huniuliza mbona nakula mapema,
kila siku, dakika ile ile, kama ninayeswali.
Nina miadi, namwambia.
Na nani?
Na fundi mwenzangu.
Yeye ana mkasi. Mimi nina uzi.